Viti Vinane vya Msimu Mzima

Mapema Oktoba 2025, zikiwa zimebaki duru tatu msimu ufungwe, Kalle Rovanperä wa Toyota alitangaza kwamba anaachana na rali za ubingwa wa dunia. Alikuwa ametimiza miaka 25 siku chache tu kabla, ana mataji mawili ya dunia, la 2022 na la 2023, na jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya wanaowania la tatu. Hakufukuzwa, wala hakuna timu pinzani iliyomrubuni. Alisema anakwenda Japani kushindana kwenye Super Formula, magari ya kiti kimoja yanayozunguka saketi ya lami. Mwezi uliofuata Ott Tänak wa Hyundai, bingwa wa 2019, naye akasema anakaa pembeni. Soko zima la madereva likapinduka, na waliolipindua ni watu wawili ambao wengi hawakuwa wamewahesabu miongoni mwa wanaoondoka. Macho yalikuwa kwa Sébastien Ogier, mkongwe wa miaka 41, ambaye kila mwaka hutabiriwa kustaafu. Ogier akabaki, na Novemba hiyohiyo kule Saudi Arabia akatwaa taji lake la tisa na kuifikia rekodi ya Sébastien Loeb.

Mashabiki wetu wamelelewa na tetesi za usajili za Simba na Yanga, au za Gor Mahia na AFC Leopards, na tabia hiyo huihamishia kwenye rali: fulani kaonekana akinong'ona na bosi wa timu ile, mkataba wa fulani unaisha Desemba, basi keshahama. Lakini klabu ya mpira husajili wachezaji zaidi ya ishirini. Kwenye daraja la juu la rali, yaani magari ya Rally1, msimu wa 2026 ulipangwa na madereva wanane tu wenye uhakika wa duru zote 14. Wanne wako Toyota: Elfyn Evans, Takamoto Katsuta, Oliver Solberg na Sami Pajari. Wawili wako Hyundai, nao ni Thierry Neuville na Adrien Fourmaux. Wawili wengine, Josh McErlean na Jon Armstrong, wako M-Sport wanakoendesha Ford. Waliobaki, Ogier akiwa mmoja wao, ni watu wa duru za kuchagua.

Dunia nzima, viti vinane. Anayeanza uchambuzi kwa kuuliza nani ana kasi amekwisha kupotea, maana wenye kasi ni wengi kuliko viti. Aanze kwa kuuliza kama kiti kipo, nani anakilipia, na anakilipia kwa faida gani. Maswali hayo hayana utamu wa tetesi, nakubali, ila ndiyo yaliyoamua karibu kila uhamisho mkubwa wa miaka ishirini iliyopita.

Tuanze na Toyota, tajiri wa mtaa huu. Kampuni hii inauza GR Yaris, gari dogo lenye hasira lililozaliwa kutokana na rali, na inataka siku moja bingwa wa dunia awe Mjapani. Tangu 2015 ina mpango wa kuwalea vijana wa Japani, wanaopelekwa Finland kujifunza barabara za changarawe na theluji. Katsuta ndiye zao la kwanza la mpango huo kufika juu, na kwa sababu hiyo huandamwa na maneno kwamba amepewa kiti kwa pasipoti yake. Maneno hayo yana ukweli nusu. Kampuni ya Japani kumtaka Mjapani kwenye gari lake ni biashara ya kawaida, na dereva wa taifa lingine mwenye ajali kama zake pengine angeshaonyeshwa mlango. Lakini waliomtazama Naivasha, kwenye Safari ya Kenya, wanajua upande wa pili: 2021 alimaliza wa pili nyuma ya Ogier, 2022 wa tatu, 2023 wa nne, 2024 wa pili tena. Kwenye rali inayovunja magari kama Safari, kufika mwisho mara nne mfululizo akiwa ndani ya nne bora si kazi ya pasipoti.

Oliver Solberg ana hadithi tofauti, na ndiyo inayonifundisha zaidi jinsi soko hili linavyofanya kazi. Hyundai walimwacha mwishoni mwa 2022. Akashuka daraja, akaendesha magari ya Rally2 misimu mitatu, tena kwa ushindi. Julai 2025 Ogier alikuwa mapumzikoni, hakwenda Estonia. Toyota wakampa Solberg gari la Rally1 kwa rali hiyo moja. Akashinda, mbele ya Tänak aliyekuwa anaendesha nyumbani kwao. Mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa WRC2, ligi ya magari hayo ya Rally2, na Rovanperä alipoaga hapakuwa tena na haja ya kutafuta mrithi. Sasa fikiria kama Ogier angekuwa na mkataba wa msimu mzima. Estonia ingepita, Solberg angebaki kijana mwenye kipaji wa daraja la pili, na Oktoba ingewakuta Toyota wakikuna vichwa.

Ndiyo maana kiti cha nusu msimu kinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kinavyopewa nafasi kwenye mazungumzo ya mashabiki. Wengi hukiona kama kiti cha mzee anayekaribia kuondoka. Kina mantiki yake, na mantiki hiyo iko barabarani. Ijumaa, siku ya kwanza ndefu ya rali, magari hupangwa kufuata msimamo wa ubingwa: anayeongoza anatoka kwanza. Kwenye barabara ya changarawe, wa kwanza ndiye mfagiaji. Juu kuna mawe madogo yaliyolegea, matairi yake yanateleza juu yake na kuyasukuma pembeni, na kila gari linalofuata linakuta mstari msafi kidogo na mgumu zaidi chini. Ukiwa wa tano au wa sita unapita mahali palepale kwa kasi ambayo wa kwanza hakuweza hata kuijaribu. Dereva aliyeruka duru mbili tatu ana alama chache, kwa hiyo anatoka nyuma, kwa hiyo anakuta njia imefagiwa.

Msimu wa 2025 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Ogier aliruka Sweden, Kenya na Estonia. Sweden na Kenya zote alizishinda Evans, ambaye kwa malipo ya ushindi huo akawa anaongoza ubingwa na kufungua barabara za Ureno na Sardinia. Zote mbili alizishinda Ogier. Mwisho wa mwaka Ogier alikuwa bingwa kwa tofauti ya alama nne, akiwa ameshiriki duru 11 kati ya 14, na Evans akamaliza wa pili katika ubingwa kwa mara ya tano. Sisemi kwamba taji lilitokana na mpangilio wa barabara peke yake. Ogier alishinda rali sita mwaka ule, mtu hashindi rali sita kwa kufagiliwa njia. Lakini bosi wa timu anayesaka alama analiona hili, na ndiyo sababu hana haraka ya kumlazimisha mkongwe aendeshe mwaka mzima.

Hyundai wamelipeleka wazo hilo mbali zaidi. Baada ya Tänak kukaa pembeni, hawakumtafuta mrithi mmoja. Gari la tatu la 2026 waliligawa kwa watu watatu: Dani Sordo, Esapekka Lappi na Hayden Paddon. Kanuni inawaruhusu: timu hutaja magari matatu, na yanayoihesabia alama ni mawili yaliyofanya vizuri zaidi. Gari la tatu ni bima, na bima hiyo ni nafuu ukimpa Lappi barabara za theluji anazozijua kuliko kumlipa nyota mshahara wa mwaka mzima. Kwa kijana anayesubiri mlangoni hii ni habari mbaya. Kiti kilichokuwa kimoja kimekuwa vipande vitatu, na vyote vimekwenda kwa watu waliokwisha kuvaa jezi ya Hyundai. Paddon aliondoka hapo mwishoni mwa 2018. Amerudi baada ya miaka saba.

M-Sport ni ulimwengu mwingine. Ni kampuni binafsi ya Malcolm Wilson, yenye karakana zake Dovenby Hall huko Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Ford wanasaidia, lakini bajeti haifanani kabisa na ya kiwanda cha Japani au cha Korea. Kwa hiyo swali la nani ataendesha M-Sport huwa lina jibu la kifedha kabla ya la kimichezo. McErlean na Armstrong wote wawili wameungwa mkono na akademia ya rali ya Ireland, na bila mkono huo majina yao yasingekuwa kwenye magari. Watu huwadharau madereva wa aina hiyo kwamba wananunua viti. Dharau hiyo haina macho. Neuville alimaliza wa pili duniani mwaka 2013 akiendesha gari lililoandaliwa na M-Sport. Tänak alikulia hapo, Evans alikulia hapo. Fourmaux alivunja magari mengi mno mwaka 2022, akateremshwa daraja, akarudi 2024, akapanda jukwaani Naivasha akiwa wa tatu, na mwaka uliofuata Hyundai wakamchukua. Ukitaka kujua nani atakuwa kwenye tetesi kubwa miaka mitatu ijayo, usiangalie Toyota. Angalia nani anaharibu milango ya Ford leo.

Yote hayo, hata hivyo, hufutwa siku kiwanda kinapoamua kufunga duka, na historia ya mchezo huu imejaa siku hizo. Desemba 2008, kwa kishindo cha mgogoro wa fedha duniani, Suzuki na Subaru waliondoka kwa kufuatana. Petter Solberg, baba yake Oliver na bingwa wa 2003 akiwa na Subaru, akajikuta hana kazi wiki chache kabla ya msimu. Akaunda timu yake mwenyewe, akapata Citroën Xsara ambayo kiwanda kilikwisha kuistaafisha, na Februari 2009 alikuwa barabarani Norway. Novemba 2016 Volkswagen, wakiwa wamejeruhiwa na kashfa ya moshi wa dizeli, walitangaza kuondoka baada ya mataji manne mfululizo. Gari la 2017 lilikuwa tayari limejengwa na kujaribiwa. Ogier, bingwa wa dunia aliyekuwa madarakani, akabaki bila gari mwezi Novemba! Alijaribu Toyota, akajaribu Ford ya M-Sport, akachagua M-Sport, akashinda Monte Carlo Januari na ubingwa mwaka huo na uliofuata. Andreas Mikkelsen, aliyekuwa timu moja naye na aliyetoka kushinda rali ya mwisho ya Volkswagen, alianza 2017 bila kiti cha kudumu. Tofauti kati ya wawili hao haikuwa kasi peke yake. Viti vizuri vilivyobaki vilikuwa vichache, na wa kwanza kuulizwa alikuwa bingwa.

Mwaka 2019 mnyororo ulikwenda kinyume. Tänak alitwaa ubingwa na Toyota, na siku chache baadaye ikatangazwa kwamba anahamia Hyundai. Toyota wakawa na nafasi, Ogier akaichukua akiwaacha Citroën mkataba ukiwa bado na mwaka mmoja. Citroën wakasema bila dereva wa daraja lake hawana sababu ya kuendelea, wakajitoa. Lappi, aliyekuwa Citroën, akakosa mahali, akaenda M-Sport. Mtu mmoja kahama Oktoba, na kabla ya Krismasi kiwanda kizima kimetoweka kwenye mchezo. Hakuna mchambuzi aliyeuona mnyororo huo ukiwa mzima. Kila mmoja aliona pete moja.

Kuna mtu ambaye tetesi karibu zote humsahau, naye hukaa kiti cha pili. Kabla ya rali, kila mkondo, yaani kipande cha barabara kinachopimwa muda, hupitwa mara mbili tu kwa mwendo uliowekewa kikomo. Dereva anataja kila kona, ukali wake, jiwe lililo ndani ya kona, kilima kinachoficha njia, na mwelekezi anaandika kwa alama zao wenyewe. Siku ya mbio anamsomea wakati gari linaruka, akilisoma daftari na kuihisi barabara kwa makalio, bila kuchelewa wala kuwahi hata kwa nusu sekunde. Lugha hiyo ya watu wawili hujengwa kwa miaka. Neuville alitengana na Nicolas Gilsoul siku chache kabla ya msimu wa 2021 na kumchukua Martijn Wydaeghe; ndoa hiyo mpya ilizaa taji mwaka 2024. Julien Ingrassia alistaafu mwishoni mwa 2021 baada ya kutwaa mataji yote manane ya wakati huo akiwa na Ogier, na ni mwaka uleule Ogier alipoacha kuendesha msimu mzima. Na ushindi wa Loeb wa Monte Carlo 2022, akiwa na miaka 47, aliupata pembeni yake akiwa Isabelle Galmiche, mwalimu wa hesabu. Timu inapomsajili dereva huwa inasajili wawili. Anayechambua bila kumtaja wa pili anachambua nusu ya gari.

Na sisi je? Swali hili huulizwa kila Safari inapokaribia: mbona kwenye orodha za msimu ujao hakuna jina la Mkenya, Mtanzania wala Mganda? Zamani lilikuwepo. Viwanda vilikuwa na desturi ya kukodi wenyeji kwa ajili ya Safari peke yake, nusu msimu kabla haijawa mtindo. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano akiwa na Datsun, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979. Ian Duncan alishinda kwa Toyota mwaka 1994. Hata Björn Waldegård wa Sweden alifika mahali akawa anaitwa na Toyota kwa sababu ya Afrika.

Viti hivyo vilikuwa na maana kwa sababu Safari ile ilikuwa ya maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida, zenye malori, ng'ombe na mito iliyofurika usiku. Kujua kwamba mvua ikinyesha upande ule daraja hili halipitiki kulikuwa na thamani ya dakika nyingi. Safari iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ina mikondo iliyofungwa kuzunguka Naivasha, jumla yake chini ya kilomita 400, na kila mtu hupata ukaguzi uleule wa mara mbili. Vumbi la mkondo wa Kedong bado linameza magari, na mkondo wa Sleeping Warrior bado una mawe yake, lakini ujuzi wa mwenyeji sasa ni wa sekunde. Hakuna bosi wa timu atakayemlipa mtu kwa sekunde hizo, wakati dereva wake wa kudumu amekwisha kufika hapo mara nne au tano.

Njia iliyobaki ni ya kupanda kutoka chini. McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walipewa magari ya Ford Fiesta Rally3, na mwaka 2022 Kimathi aliendesha kwenye theluji ya Sweden katika ubingwa wa vijana. Ilikuwa hatua ya kweli. Ila kijana wa Estonia au Finland wa umri huohuo alikuwa ameshaendesha theluji tangu utotoni, na baada ya Sweden ana rali nyingine wikiendi ijayo, umbali wa feri moja. Karan Patel alitwaa ubingwa wa Afrika 2022 na 2023, na taji hilo halikumpa simu kutoka Ulaya. Silaumu timu za Ulaya kwa hilo. McErlean na Armstrong wanatoka kisiwa kidogo, wamefika kwa sababu nchini kwao kuna chombo kilichoamua kuwalipia miaka kadhaa mfululizo. Kwetu udhamini huja Safari ikikaribia na kuondoka na mahema.

Mwaka 2027 ndio unaofanya ubashiri wa sasa uwe mgumu kuliko kawaida. Kanuni mpya zinaanza: gari la fremu ya mabomba, nguvu ya farasi 300 hivi, kikomo cha bei cha euro 345,000, na ruhusa kwa wajenzi wasio viwanda kuunda magari yao. FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, wanasema gharama itashuka kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na Rally1. Bei ikishuka, kinadharia viti vitaongezeka, na wale waliokuwa wakilipia Rally2 wanaweza kufikiria kupanda. Mimi natarajia ongezeko hilo lichukue miaka miwili mitatu. Mjenzi binafsi anahitaji mteja kwanza, na mteja anataka kuliona gari likishinda kabla ya kutoa hundi.

Toyota wako ndani. Hyundai ndio fumbo. Mpaka msimu wa 2026 unaanza hawakuwa wametoa ahadi ya hadharani ya kujenga gari la 2027, na kampuni hiyohiyo imeanzisha timu ya Genesis kwenye mbio za saa nyingi za dunia, chini ya Cyril Abiteboul yuleyule anayeongoza rali. Pesa na wahandisi haviwi mahali pawili. Wakiondoka, Neuville, aliyekaa nao tangu 2014, ataingia sokoni kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja, na sioni mlango wake uko wapi. Toyota wana Evans na wengine watatu, mmoja wao mshindi wa Estonia. M-Sport wangemtaka kesho asubuhi, ila bingwa wa dunia hafiki Dovenby bila mtu wa kumlipa mshahara. Mwaka 2016 Ogier alikwenda na taji la bingwa mtawala na wadhamini wakubwa nyuma yake. Neuville anaelekea miaka 40. Anaweza kuwa bado miongoni mwa madereva watano bora duniani na Januari 2027 akawa nyumbani Ubelgiji, huku kiti ambacho angekikalia kikiwa na kijana wa miaka 22 ambaye shirikisho la nchi yake limekwisha kulipa.